Kishikwambi Kwa Mtoro

Mwaka 2022 nilikuwa nafundisha shule ya msingi huko magharibi mwa Wilaya ya Chemba, upande wa Kwa Mtoro, na kama walimu wengi niliomba ukarani wa sensa. Posho ilivutia, nisijifanye mzalendo kupita kiasi. Tukapigwa semina, tukala kiapo cha kutunza siri, tukakabidhiwa vishikwambi na vizibao, tukaingia kazini. Kiapo bado kinanibana, kwa hiyo kitongoji na majina ya watu wa kaya hii nayaacha huko huko.

Mimi ni Mrangi, mzaliwa wa Kondoa mjini. Wasandawe ni jirani zetu tangu enzi za mababu, lakini jirani wa kukutana naye mnadani si sawa na jirani wa kuketi uani kwake asubuhi nzima. Siku ile ndiyo niliyoketi.

Agosti kule ni upepo na vumbi. Alizeti ilikuwa imevunwa, mashamba yamebaki mabua. Mwenyekiti wa kitongoji alitangulia, mimi nikamfuata na kishikwambi nimekifunika kwa khanga, maana juani kioo kilikuwa hakionyeshi kitu. Tukafika kwenye mji wa nyumba mbili: ya bati, ya kijana, na tembe la wazee nyuma yake. Kijana mwenyewe hakuwepo, anaendesha bodaboda Dodoma. Kwa kuwa hakulala pale usiku wa kuamkia tarehe 23, hakuhesabiwa pale. Walikuwepo babu, bibi, mkamwana wao ambaye ni Mnyaturu wa Singida, na watoto watatu, mkubwa akiwa binti wa darasa la tatu.

"Shikamoo babu, shikamoo bibi."

"Marahaba, mwalimu. Leo umekuja kutufundisha nini?"

Swali la umri ndilo lililotukwamisha. Bibi hakujua mwaka aliozaliwa. Kwa wazee kama hao karani hutumia kalenda ya matukio: Uhuru ulikukuta ukoje, Vita vya Kagera ulikuwa na watoto wangapi. Nikamuuliza la Uhuru. Bibi akamgeukia babu, na hapo Kiswahili kikawekwa kando.

Nilikuwa nimewahi kukisikia Kisandawe kwa mbali, sijawahi kukisikia kikibishana. Lugha hii ina milio ya ulimi, nayo iko ya aina tatu. Upo wa nyuma ya meno, ambao sisi wengine tunautoa tukisikitika tu. Upo wa pembeni ya shavu, tunaoswagia punda. Na upo wa katikati, mzito, kama kizibo kinachochomolewa. Kwetu hiyo ni milio tu, haiingii kwenye maneno. Kwao ni konsonanti kama b na d, na bibi alikuwa anaipitisha kwa kasi, katikati ya sentensi, bila kuvuta pumzi, huku akimhesabia babu kitu kwenye vidole. Babu akajaribu kupinga mara moja. Akanyamazishwa. Hukumu ikasomwa kwa Kiswahili: "Andika hivi, tulipohamishiwa vijijini nilikuwa nimeshaolewa na nina mtoto mgongoni."

Operesheni Vijiji, miaka ya sabini. Nikapiga hesabu, nikaandika.

Katikati ya maswali bibi akamtuma mjukuu kwa Kisandawe. Binti akainuka moja kwa moja, akaingia tembeni, akatoka na kata mkononi. "Bibi, ya kwenye ndoo yameisha, nichote ya mtungi?" Kiswahili kitupu. Bibi akamjibu kwa lugha yake, binti akaitikia kwa Kiswahili, maji yakaja. Waliendelea hivyo muda wote niliokaa, kila mmoja kwa lugha yake, bila yeyote kuonekana kushangaa. Wale wadogo wawili nao walikuwa wakigombania tairi la baiskeli. Matusi yao yote ni ya Kiswahili, na kwa mwalimu matusi ni kipimo kizuri, kwa sababu hakuna mtoto anayetafsiri akiwa na hasira.

Dodoso la kaya lilikuwa na kila kitu: ulemavu, elimu, choo, kuni au mkaa, mifugo. Kuhusu lugha lilikuwa na swali moja tu, kama mtu anajua kusoma na kuandika, na kwa lugha gani. Babu anasoma Kiswahili, alikipata kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima. Nje ya dodoso nikamuuliza kuhusu Kisandawe. Akacheka. "Kinaandikwaje hicho?" Wataalamu wameshakitafutia maandishi, ile milio wameipa herufi c, q na x, lakini hayo yako kwenye vitabu vya wasomi. Katika shule yangu hakukuwa na hata karatasi moja, na mtaala hauna mahali pa kuiweka.

Ndipo babu naye akauliza lake. "Sasa mkimaliza, mtatuambia Wasandawe tuko wangapi?"

Nikamwambia hapana. Sensa ya Tanzania iliuliza kabila mara ya mwisho mwaka 1967. Mimi sera hiyo siipingi. Tumeona kwa jirani zetu wa Rwanda kadi za kabila zilikowafikisha watu, na kuhesabiwa kama Mtanzania bila nyongeza ni heshima ambayo wengi wanaitamani. Lakini pale uani niliona upande wake wa pili: wasemaji wa Kisandawe, wanaokadiriwa tu kuwa makumi ya maelfu, wanaweza kupungua hadi wakaisha, na kitabu cha sensa kikaonyesha wilaya inayoongezeka watu.

Hata idadi yenyewe hudanganya. Wahadza wa bonde la Yaeda na Ziwa Eyasi ni kama elfu moja hivi, na lugha yao, Kihadza, nayo ina milio lakini haina ndugu anayejulikana popote, maana jina Khoisan, ambalo Kihadza na Kisandawe huwekwa chini yake, ni kapu la lugha zenye milio hiyo, si ukoo mmoja. Ila watoto wengi wa Kihadza bado wanagombana kwa Kihadza. Afrika Kusini, karibu na Upington, bibi aitwaye Katrina Esau alilazimika kufundisha watoto Kinǀuu, lugha yake ya asili yenye milio pia, nyumbani kwake, wenzake waliokijua wakiwa wamebaki wa kuhesabika kwa vidole. Kati ya hali hizo mbili, ule uani nilioketi ulikuwa unaelekea wapi, sikuhitaji kishikwambi kunijulisha.

Mkamwana alikuwa amekaa kimya akipepeta mtama. Alipoona nimemkazia macho binti, akaniwahi.

"Mwalimu, usitulaumu. Mimi na mume wangu tulikutana kwa Kiswahili. Nimwimbie mtoto kwa lugha nisiyoijua? Na nyie wenyewe, akija darasa la kwanza hajui Kiswahili, si mnamweka nyuma?"

Tunamweka nyuma, ni kweli. Mwenye watoto zaidi ya themanini kwenye chumba kimoja hana muda wa kumsubiri mmoja ajifunze lugha kwanza. Hata Kirangi changu mimi kina mashimo, na wanangu hawana hata hayo mashimo.

"Hakuna anayekulaumu," babu akasema. "Lakini mama yako wewe si Mnyaturu? Kinyaturu unacho, Kiswahili unacho. Kichwa kilipasuka?"

"Baba, zamani hizo."

"Zamani gani? Wewe umezaliwa juzi."

Bibi akachomekea neno kwa Kisandawe. Binti akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakitikisika kwa kicheko. Mama yake akadai kutafsiriwa. "Bibi amesema nisikwambie," akajibu, na mkamwana akamrushia kiganja cha makapi, naye anacheka sasa.

Mwenyekiti alikuwa ameshasimama getini akiangalia saa. Kulikuwa bado na kaya nyingi kabla ya jua kuzama, na chaji ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Nikamalizia kuku na mbuzi, babu akabishia idadi ya mbuzi, tukaenda kuwahesabu zizini.