British Columbia 1952: mtego uliomnasa mtegaji

Katika jimbo hili la Kanada, vyama vya Waliberali na Wahafidhina walibadili upigaji kura ili kuizuia CCF, chama cha kisoshalisti. Mpiga kura aliandika 1, 2, 3 mbele ya majina. Asipopatikana wa kuvuka nusu, wa mwisho aliondolewa na karatasi zake kupelekwa kwa chaguo la pili. Isiyo na chaguo jingine ilitoka kwenye hesabu. Kumbe wengi, wa CCF wakiwemo, namba 2 waliipa Social Credit, chama kingine!

Kura zilipigwa 12 Juni. Hesabu ikala wiki kadhaa. Viti 48: Social Credit 19, CCF 18, Liberali 6, Wahafidhina 4, Leba 1. Waziri mkuu wa jimbo, Mliberali Byron Johnson, alipoteza hata kiti chake. W.A.C. Bennett, aliyechaguliwa kiongozi wa Social Credit baada ya uchaguzi, akaunda serikali ya wachache.