Ndoo ya maji safi ndiyo iliyokuwa inaua (raundi ya nne)

Hatimaye! Saa 96 za jaribio zimetimia leo asubuhi, na vifaranga kumi vya sato kwenye ndoo ya maji safi wako hai wote kumi. Nimewahesabu mara tatu kwa tochi ya simu.

Kazi ni ileile ya raundi zilizopita: kupima kama maji machafu yaliyooshea matangi ya karakana moja ya mvinyo hapa Dodoma yanaua samaki. Yanamwagwa korongoni, mvua zikinyesha yanasombwa kuelekea Mto Kinyasungwe na Bwawa la Hombolo. Nina ndoo zenye asilimia 100, 50, 25, 12.5 na 6.25 ya maji hayo, zilizobaki maji safi, na ndoo moja safi kabisa ya kulinganishia.

Kilichonitesa ni hiyo safi. Raundi ya pili walikufa sita kati ya kumi, huku wenzao wa 6.25 wakiogelea kama hawana habari. Wakifa zaidi ya asilimia 10 kwenye ndoo safi, jaribio zima ni la kutupa. Nikamshuku klorini. Maji ya bomba nikayapuliza hewa siku mbili, wakafa. Nikaleta ya kisima, ambayo klorini hayaijui kabisa, wakafa tena. Shemeji akachungulia, akasema, "Shem, labda hao wamezoea divai." Nikacheka, ila iliniuma.

Kumbe alikuwa karibu na ukweli. Nilipopima amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki wenyewe, ndoo ya safi na ya 6.25 zilikaribiana. Tofauti ilikuwa pH, kipimo cha tindikali (namba ikishuka, tindikali imezidi): safi 8.4 (maji yetu mnayajua, birika linaota ukoko mweupe ndani ya wiki), ya 6.25 ilisoma 7.2. Kwenye nyuzi 25, pH ikiwa 8.4, kama asilimia 12 ya amonia yote inakuwa ile kali inayopenya matamvua. Kwenye 7.2 haifiki asilimia 1. Tindikali ya mvinyo ilikuwa inawakinga na uchafu wao wenyewe! Na uchafu niliuleta mimi, maana nilikuwa nawalisha asubuhi ya jaribio kwa kuwaonea huruma.

Sasa hawali saa 24 kabla, wanakaa kwenye lita 20 badala ya 10, na maji nabadilisha kila siku. Sampuli iko kwenye friji karibu na maziwa. Hilo nyumbani halijaisha.

Karatasi za pH msinunue kwa kazi hii. Maji ya zabibu nyekundu yanaipaka karatasi zambarau, halafu unabaki kubahatisha rangi. Kalamu ya pH, hata ya bei rahisi, inafaa mradi uirekebishe kila asubuhi. Pampu iwe ya betri, umeme wetu hauna adabu. Na jedwali za oksijeni inayobebwa na maji, zilizotengenezwa kwa usawa wa bahari, zitawadanganya: tuko mita 1,100 na ushee, maji ya nyuzi 25 yakishiba kabisa ni kama miligramu 7.2 kwa lita, si 8.3.

Leo nilipanga kukokotoa kiwango kinachoua nusu ya samaki. Sijagusa. Jana fundi wa pale kaniambia, kama jambo la kawaida tu, kwamba uchafu ukigandamana kwenye matangi wanayaosha kwa kostiki soda, ambayo ni kinyume cha tindikali. Kostiki! Sampuli zangu zote ni za siku za tindikali. Siku ya soda pH inapanda, na amonia kidogo tu iliyomo mtoni inageuka kisu. Hesabu zisubiri. Nimemwachia jerikeni ya lita 20, nimeiandika kwa wino mweusi: SIKU YA SODA.