Nakupenda, kwa Kihungaria

Jamani, leo nimerudi darasa la kwanza.

Jirani yangu hapa Cleveland, Marekani, bibi wa Kihungaria, hufundisha watoto lugha yao kila Jumamosi. Nilienda kumbebea sanduku la vitabu tu. Nikajikuta nimekalia kiti cha mtoto, magoti yanakaribia kidevu.

Bibi alitoka kwao mwaka 1956 akiwa na miaka kumi, vifaru vya Warusi vilipozima mapinduzi ya wananchi dhidi ya serikali ya kikomunisti. Watu kama laki mbili walikimbia. Ukutani kuna bendera yenye tundu katikati, pale walipoikata nembo ya wakomunisti. Watoto wanapenda kuchungulia tunduni.

Herufi zao ni 44. Arobaini na nne! Nilinyamaza kimya nisije nikaulizwa.

Basi akaandika ubaoni: szeretlek.

Akanigeukia. "Kwenu mnasemaje?"

Nikasema, "Nakupenda."

Akainua kidole kimoja. Neno moja! Kama letu! Anayependa na anayependwa wote wamo humo humo ndani. Kiingereza kinahitaji maneno matatu.

Akaliandika letu chini ya lao, chaki inatetemeka kidogo mkononi, watoto wakayasoma yote mawili kwa sauti.

Nimefika nyumbani nikamwambia mwanangu, "Nakupenda."

Akanijibu kwa Kiingereza, macho kwenye simu.

Uzito wa sanduku lile bado nausikia mkononi.

Mlio ughaibuni, wenu wanawajibu kwa lugha gani? Semeni ukweli, leo sicheki mtu.