Simu kama kinasa data uwanjani: soma kona kabla ya kusoma saa

Watu wanaoanza kuendesha magari yao kwenye viwanja vya mbio huuliza kwanza ni programu ipi ya simu iliyo bora. RaceChrono, Harry's LapTimer na TrackAddict zote hufanya kazi ya msingi vizuri, na kwa maoni yangu tofauti kati yake ni ndogo kuliko tofauti iliyopo kati ya dereva anayejua cha kutafuta ndani ya data na yule anayetazama muda wa mzunguko peke yake. Muda wa mzunguko hukuambia kwamba umepoteza nusu sekunde, lakini haukuambii umeipoteza wapi wala kwa sababu gani. Simu inaweza kuyajibu maswali hayo mawili, mradi uelewe inapima nini na kwa usahihi wa kiasi gani.

Simu nyingi husoma GPS mara moja tu kwa sekunde. Gari linalokwenda kilomita 180 kwa saa hupita mita 50 katika sekunde hiyo, na kona fupi nzima inaweza kuishia kuwa na nukta mbili au tatu. Katikati ya nukta hizo programu hukadiria, na mwendo wa chini kabisa ndani ya kona, ambao ndio takwimu ninayoithamini kuliko zote, unaweza kuangukia kwenye pengo na usionekane kabisa. Kipokezi cha nje cha GPS kinachounganishwa na simu kwa Bluetooth na kupima mara 10 kwa sekunde hupunguza pengo hilo hadi mita 5, na vile vinavyopima mara 25 hulifikisha mita 2. Kama kuna kifaa kimoja cha kununuliwa kabla ya vingine vyote, ni hicho.

Ajabu ni kwamba muda wa mzunguko wenyewe hauumizwi sana na upungufu huu. Mstari wa kuanzia kwa kawaida huwa kwenye njia nyoofu, ambako mwendo haubadiliki ghafla, kwa hiyo programu hukadiria bila shida ni lini gari liliukata mstari kati ya nukta mbili. Kosa la mita 3 katika mwendo wa kilomita 180 kwa saa ni sekunde 0.06 tu. Ndiyo maana simu isiyo na kifaa chochote cha ziada huweza kutoa muda wa kuridhisha huku picha yake ya kona ikiwa mbovu, na dereva akaiamini picha hiyo kwa kuwa saa ilikuwa sahihi.

Tahadhari kama hiyo inahitajika kwa njia ambayo gari limepita. Chini ya anga wazi simu hukosea mahali kwa mita kadhaa, na kwenye uwanja wenye upana wa mita 12 kosa la mita 4 linatosha kukuonyesha uko kwenye nyasi wakati ulikuwa salama kwenye lami. Siwezi kumshauri mtu ajadili iwapo aligusa ukingo wa ndani wa kona kwa kutazama mstari uliochorwa juu ya picha ya setilaiti. Video hulijibu swali hilo vizuri zaidi. Mwendo ni habari nyingine. Vipokezi vya GPS kwa kawaida huupata kutokana na mabadiliko ya marudio ya mawimbi ya setilaiti, yaani athari ya Doppler, badala ya kutoa mahali pa sasa kutoka mahali pa awali, na kwa sababu hiyo mwendo huwa sahihi kuliko mahali. Aidha, kosa la mahali huhama polepole, kwa hiyo mizunguko miwili iliyofuatana hulinganishika vizuri kuliko mzunguko wa asubuhi na wa alasiri.

Sasa tuje kwenye grafu yenyewe. Inayofaa ni ile yenye mwendo kwenye mhimili wa wima na umbali, si muda, kwenye mhimili wa mlalo, ili mizunguko miwili ikilazwa pamoja kona zake zikae mahali pamoja. Chini yake programu huchora mstari wa tofauti ya muda unaopanda pale unapopoteza na kushuka pale unapookoa. Mimi huanza na mstari huo wa chini, natafuta mahali unapopanda kwa kasi zaidi, kisha ndipo nainua macho kuutazama mwendo.

Kosa ninaloliona mara nyingi kwa wanaoanza ni mteremko mpole wa mwendo unaotangulia mteremko mkali wa breki. Maana yake ni kwamba mguu umeachia mafuta lakini haujafika kwenye breki, na gari linajiendea tu. Nusu sekunde ya hali hiyo katika mwendo wa kilomita 180 kwa saa ni karibu mita 25 ambazo hazikutumika kuongeza mwendo wala kuupunguza. Hakuna dereva anayeihisi akiwa ndani ya gari, kwa sababu moyo unadunda na kona inakaribia, lakini kwenye grafu huonekana bila kificho.

Kosa la pili ni la wale waliokwisha kupata ujasiri. Wanachelewesha breki, na mstari wa tofauti unashuka vizuri hadi mlangoni mwa kona. Kisha wanalazimika kusubiri gari ligeuke, wanakanyaga mafuta wakiwa wamechelewa, na mstari unaanza kupanda na kuendelea kupanda njia nyoofu nzima. Chukua njia nyoofu ya mita 600 na gari linaloongeza mwendo kwa mita 3 kwa sekunde katika kila sekunde: likiianza kwa kilomita 83 kwa saa badala ya 80, huokoa takriban sekunde 0.18. Breki iliyochelewa ni mkopo, na riba yake hulipwa kwenye njia nyoofu inayofuata. Kwa sababu hiyo hiyo siupi uzito ule mzunguko bora wa kinadharia ambao programu huutunga kwa kujumlisha vipande bora vya mizunguko tofauti, kwa kuwa kipande kilichookolewa kwa breki ya kuchelewa mara nyingi ndicho kilichokiharibu cha baada yake.

Kihisi cha mchapuko, yaani cha kupima jinsi mwendo unavyobadilika, kilichomo ndani ya simu husaidia kwa kiasi, lakini simu ikitikisika kwenye kishikizi chake, au gari likilala upande kwenye kona, nguvu ya mvutano wa dunia huchanganyika na kipimo. Mchapuko wa upande kwenye kona hupatikana pia kwa hesabu: mraba wa mwendo ukigawanywa kwa nusu kipenyo cha kona. Kona ya nusu kipenyo cha mita 80 ikipitwa kwa kilomita 100 kwa saa hutoa karibu g 1, yaani mchapuko unaolingana na ule wa mvutano wa dunia, na tairi nyingi za barabarani huanza kulalamika karibu na hapo.

Tundu la OBD-II, yaani lile ambalo mafundi huchomeka kifaa cha kuchunguza hitilafu za gari, ambalo Marekani ililifanya la lazima kwa magari mapya kuanzia mwaka 1996, hutoa mizunguko ya injini na kiasi ambacho kanyagio la mafuta limekanyagwa, kupitia adapta ndogo. Gari huulizwa kipimo kimoja baada ya kingine, kwa hiyo kadiri unavyoomba vingi ndivyo kila kimoja kinavyokuja kwa kuchelewa. Omba hivyo viwili tu. Shinikizo la breki, ambalo kila mtu angelipenda, halimo kwenye orodha ya kawaida ya OBD-II.

Yaliyobaki ni ya kimatendo. Apple hushauri iPhone itumike katika hewa ya nyuzijoto 0 hadi 35, na kioo cha mbele kilichopigwa na jua huivuka hali hiyo upesi. Simu ikipata joto hufifisha skrini na kusimamisha kuchaji, kwa hiyo ihamishie palipo na kivuli na uifunge imara kiasi cha kutoruka wakati wa ajali. Zima miito, na usitazame skrini ukiwa unaendesha. Soma kanuni za mwandaaji pia, kwa kuwa baadhi hukataza kupima muda. Baada ya kila awamu andika kando ya rekodi shinikizo la tairi, joto la hewa na hali ya lami, kwa sababu wiki mbili baadaye grafu haitakuambia kama kilomita 4 kwa saa zilizoongezeka kwenye kona zilitoka kwako au kwenye tairi zilizokuwa zimepata joto.