Siku moja mkiani mwa mbio za kilomita 100

Saa 9:00 usiku. Simu inaita lakini niko macho kitambo. Usiku wa kuamkia mbio ndefu watu hawalali, wanageuka tu kitandani, kwa hiyo usingizi wa kutegemea ni wa juzi yake. Nakula bila njaa, nakunywa kahawa, nasubiri choo. Ukimwona mkimbiaji katulia tuli kwenye mstari wa kuanzia, ujue tumbo lake limeshamwitikia.

Halafu mafuta ya mgando: kwapani, mapajani, katikati ya vidole vya miguu na kwenye chuchu. Hilo la mwisho wanaume hulicheka, mpaka siku mtu anamaliza marathoni na michirizi miwili ya damu kwenye fulana nyeupe.

Mimi ni mkimbiaji wa ridhaa. Sina mdhamini wala kocha, Jumatatu hadi Ijumaa nakaa ofisini, na mazoezi nayafanya kabla nyumba haijaamka. Watu wakisikia kilomita 100 huniuliza nimekuwa wa ngapi. Swali zuri, lakini waulizwe walio mbele. Sisi wa nyuma tunashindana na muda wa kufunga vituo vya njiani, ukichelewa kimoja unatolewa mbioni, na sehemu kubwa ya kazi yetu ni kula, kunywa na kuuguza miguu. Kukimbia kunapachikwa humo katikati.

Saa 12:00 asubuhi. Filimbi. Tumepewa saa 16, maana yake saa 4:00 usiku mstari unafungwa. Wenye mbio zao wakapotea hata hatujamaliza kuwashangilia. Kilima cha kwanza sisi tukakitembea, na karibu vyote vilivyofuata. Mtazamaji mmoja akapaza sauti, "Mmechoka tayari?" Hapana, kaka. Kwenye mwinuko mkali, ukikimbia unaokoa sekunde chache, na nguvu uliyoitumia hapo utaitafuta saa nane mchana usiione.

Kati ya saa 1 na saa 5 hakuna cha kusimulia. Saa ya mkononi inalia kila dakika 25, nameza jeli ya wanga, napiga mafunda mawili ya maji, naendelea. Akiba ya wanga mwilini inakufikisha kama kilomita 30. Zaidi ya hapo unakimbilia ulichokula njiani. Gramu 60 za wanga kwa saa, utake usitake. Maji nayo yana kipimo: ukibugia kupita kiu kwa saa nyingi, sodiamu kwenye damu inashuka, kichwa kinavurugika, na wapo waliokufa hivyo marathonini. Ushauri wa "kunywa sana maji" mimi naupokea kwa adabu tu.

Saa 6:05 mchana. Niko kilomita ya 43. Marathoni nzima imeshapita na mbio ndiyo kwanza zimekolea. Dakika hiyo huwa naitazama kwa kujichokoza, kwa sababu mwaka 2023 Aleksandr Sorokin wa Lithuania alimaliza kilomita 100 kwa saa 6, dakika 5 na sekunde 35. Yake ilikuwa njia ya tambarare, nakubali. Lakini hata mngenisawazishia vilima vyote, saa hizi mimi ningekuwa bado nusu ya safari na yeye anaoga.

Saa 7:50, kilomita ya 55. Kituo hiki kinafungwa saa 8:30 na ndipo ulipo mfuko wangu wa akiba. Kisigino cha kushoto kilikuwa kinawaka tangu kilomita ya 48. Nikavua soksi taratibu, maana ngozi ilikuwa imelowa hadi imekuwa nyeupe na mikunjo. Lengelenge lilikuwa na ukubwa wa ukucha wa dole gumba, limejaa maji, halijapasuka. Nikalisafisha kwa spiriti, nikalitoboa upande wa chini kwa sindano, matundu mawili, kisha nikalikamua kwa kidole mpaka ngozi ikalala. Ngozi ya juu haichanwi. Ndiyo kinga pekee iliyobaki hapo. Nikakausha, nikabandika plasta niliyoikata pembe zake zikawa mviringo, kwa sababu pembe kali hujikunja ndani ya soksi na kukuzalia lengelenge jingine. Soksi kavu, kiatu, kamba. Aliyekaa karibu yangu alikuwa anachungulia ukucha mweusi unaoning'inia. Tukatazamana, hatukusema kitu.

Nikatoka pale saa 8:05 nina furaha, na furaha ikadumu hadi nilipompata yule bwana.

Alikuwa na saa mbili, moja kila mkono. "Kaka," akaniambia, "kwa mwendo huu tuna dakika 26 za ziada." Nikamshukuru. Kilomita moja baadaye: "Sasa 24." Nikapunguza mwendo ili anipite, naye akapunguza. Nikaongeza, akaongeza. Nikaingia kichakani kukojoa nikidhani ndiyo tumeachana, nikatoka nikamkuta kasimama njiani ananisubiri. "Dakika moja na nusu hiyo," akasema, bila ubaya wowote.

Ningemvumilia kama tumbo lisingegoma wakati huohuo. Jua likiwa kali damu inagawanywa, nyingine miguuni, nyingine kwenye ngozi kupooza mwili, na tumbo linaambulia kidogo. Ukilitupia jeli linakurudishia. Nilijaribu kiazi cha kuchemsha chenye chumvi, nikakitafuna mpaka kikawa uji, hakishuki. Yule bwana anaendelea. "Unazijua mbio za Comrades za Afrika Kusini? Saa 12 zikitimia, ofisa anawapa wakimbiaji mgongo, anapiga bastola. Uliyebakiza hatua moja, huna chako." Naijua, ndugu yangu. Kila anayekimbia mkiani anaijua hiyo, na hakuna anayetaka kusimuliwa akiwa kilomita ya 66 na koo limejaa mate ya kichefuchefu.

Nikainama, nikashika magoti, nikatapika. Juu ya kichwa changu nikasikia, "Afadhali sisi. Spartathlon, kutoka Athens hadi Sparta, ni kilomita 246 kwa saa 36, na vituo 75, kila kimoja kina muda wake wa kufungwa." Akanipa maji yake nisukutue. Kisha akatazama mikono yote miwili. "Tisa," akasema.

Ukweli ni kwamba baada ya kutapika nilipata nafuu, lakini mteremko mrefu ukaanza. Msidhani mteremko ni mapumziko. Misuli ya mapaja inavutwa huku imekaza ili ikufungie breki, nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo, na baada ya saa kumi za kazi hiyo kila hatua ya kushuka unaisikia hadi menoni. Pembeni ya njia familia moja ikapiga makofi: "Umekaribia!" Kilomita ya 70. Niliwapungia mkono. Bado 30, na ni watu wema.

Kituo cha kilomita ya 78 kinafungwa saa 12:30 jioni. Niliingia saa 12:19. Mama mmoja mtu mzima, mmoja wa waliojitolea, akanisukumia kikombe cha mchuzi wa chumvi mkononi. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Una dakika kumi na moja, kaa tano tu." Akanisimamia hadi kikombe kikaisha. Mpiga hesabu alijaza chupa zake akaondoka bila kuaga, nadhani mahesabu hayakuwa na nafasi ya kwaheri. Wakati nafunga tochi kichwani, dada mmoja aliingia akikimbia kwelikweli, lakini saa ilikuwa bado inamruhusu kuingia tu, si kupumzika. Akapita meza zote bila kugusa kitu. Nikamfuata.

Sasa hapo saa kwa saa sitaweza kuwapa. Kulikuwa na giza, mwanga wa tochi mbele ya viatu, na mgongo wa yule dada. Tulikuwa tukikimbia hadi nguzo fulani, tukitembea hadi nyingine. Nilikunywa soda iliyokwisha gesi, nayo ikakaa tumboni, na kutoka hapo mwili ukaanza kunisikiliza tena. Sijui tulizungumza nini. Najua aliniuliza jina mara mbili.

Saa 3:47 usiku nikavuka, yeye hatua chache mbele. Kijana wa kujitolea akanivisha medali, akanyoosha mkono. "Chipu, kaka." Chipu ya kupimia muda iko kwenye kifundo cha mguu. Nikajaribu kuinama, nikaishia magotini. Akachuchumaa yeye, akaifungua.

"Nikuvue na viatu?"

"Viache. Nikivua hapa, siwezi kuvivaa tena."

Nyuma yake nilimsikia mpiga hesabu, kabla sijamwona, akimweleza mtu wastani wake tangu kituo cha mwisho.

"Pole sana," kijana akasema. "Kesho si unapumzika?"

"Kesho naingia kazini saa mbili."