Kidonge kimoja tu kinakushinda?

Katika kliniki nyingi za VVU, swali la kwanza ambalo mtu huulizwa anapoketi mbele ya mhudumu ni kama anameza dawa vizuri, na jibu, hata kwa mtu ambaye kopo lake limekaa wiki nzima bila kufunguliwa, huwa ni ndiyo. Ninaishi na virusi hivi kwa miaka mingi, na nimekuwa mshauri rika kwa muda wa kutosha kulisikia jibu hilo likitolewa kwa kila aina ya sauti. Watu hawadanganyi kwa kupenda. Wanajua kwamba nyuma ya swali lile kuna karipio linalosubiri, ndiyo maana wapo wanaohesabu vidonge usiku wa kuamkia miadi na kuvimwaga chooni vilivyozidi, ili hesabu ya mhudumu itoke sawasawa.

Msimamo wangu ni kwamba mtu anapoanza kuruka dozi, kinachopaswa kuchunguzwa kwanza ni hali ya moyo na akili yake, kabla ya nidhamu yake. Sonona, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu akate tamaa, huwapata watu wanaoishi na VVU mara nyingi zaidi kuliko watu wengine, na dalili zake nyingi hazifanani na huzuni tunayoifahamu. Mtu halii. Anakosa tu sababu ya kufanya mambo madogo: kuoga, kujibu simu, kumeza kidonge. Usingizi unageuka, akalala alfajiri na kuamka mchana, kwa hiyo saa ya dawa waliyokubaliana na mhudumu inampita akiwa usingizini au akiwa macho lakini hajali. Kumshauri mtu wa namna hiyo atege kengele ya simu ni kumtibu ugonjwa asiokuwa nao, kwa sababu kengele humsaidia aliyesahau, ilhali aliyekata tamaa huizima na kugeukia ukutani.

Juu ya hayo kuna kujinyanyapaa, ambako hakuhitaji jirani mwenye maneno makali. Nimeona makopo yaliyobanduliwa karatasi ya jina la dawa na kujazwa pamba ili vidonge visilie mkobani, na mwenye kopo akaniambia kwamba kila anapolifungua anahisi kama anasomewa upya majibu ya kipimo chake. Kwa mtu anayeishi hivyo, ujio wa wageni nyumbani unatosha kabisa kuharibu ratiba ya wiki nzima.

Wapo wanaosema kwamba siku hizi hakuna kisingizio. Ni kweli kwamba mseto wa dawa ulioanza kuokoa maisha ya watu wengi mwaka 1996 ulikuwa mzigo mzito wa vidonge kwa saa tofauti, vingine vikitaka tumbo tupu na vingine chakula, na kwamba leo wengi wetu tunameza kidonge kimoja kwa siku. Lakini urahisi huo umeifanya lawama kuwa kali zaidi, maana aliyeshindwa huulizwa, "Kidonge kimoja tu kinakushinda?" na swali hilo humrudisha nyumbani akiwa na aibu ambayo hakuja nayo.

Dawa zenyewe nazo zina sehemu yake. Efavirenz, iliyotumiwa na watu wengi kwa miaka mingi, ilijulikana kwa kuleta kizunguzungu, ndoto za kutisha na, kwa baadhi yao, sonona. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dolutegravir iwe chaguo la kwanza badala yake. Hata hii huwanyima baadhi ya watu usingizi, na mara nyingi tatizo hupungua dozi inapohamishiwa asubuhi, lakini nani atajua hayo ikiwa mgonjwa haulizwi analalaje?

Kuuliza hakuhitaji mashine wala daktari bingwa. Liko dodoso la maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, liitwalo PHQ-9, ambalo mhudumu aliyefunzwa hulimaliza kwa dakika chache. Matibabu nayo si lazima yaanzie hospitali kubwa: nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa akina bibi waliofundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu kulikabili tatizo moja baada ya jingine, wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya kliniki, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa, wakiwemo wengi wenye VVU, walipungukiwa na dalili baada ya miezi 6 kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Wanaohitaji dawa za sonona wanaweza kuzimeza pamoja na ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, mradi kila anayewaandikia dawa aambiwe yote wanayotumia. Carbamazepine, kwa mfano, ambayo hutolewa kwa kifafa na wakati mwingine kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, hupunguza kiwango cha dolutegravir mwilini, hivyo daktari hulazimika kubadilisha dawa au kuongeza dozi.

Aliyekosa dozi aimeze mara anapokumbuka, isipokuwa kama saa ya dozi inayofuata imekaribia sana, na asimeze mbili kwa pamoja. Aliyeacha kwa wiki au miezi arudi kliniki hata kama anaogopa kukaripiwa, kwa sababu watapima wingi wa virusi na wengi huweza kuvifubaza tena. Na anayewaza kujidhuru asisubiri tarehe ya miadi, amwambie mtu anayemwamini na afike kituo cha afya siku hiyohiyo, akisindikizwa.