Shibuya: hamisha reli kwanza, ghorofa zitafuata

Treni ya Ginza mjini Tokyo ni ya chini ya ardhi. Lakini kituo chake cha mwisho, Shibuya, kiko juu hewani, na magari yanapita chini yake. Tangu 1938 hadi mwisho wa 2019 abiria walishukia ghorofa ya tatu, ndani ya duka kubwa la kampuni ya Tokyu. Treni haikupanda kilima. Yenyewe ilikwenda sawasawa, ardhi ndiyo iliyoporomoka. Silabi ya mwisho ya jina Shibuya maana yake ni bonde, na stesheni imejengwa pale chini kabisa, mahali mito miwili midogo inapokutana. Msomaji wa Dar anayejua Jangwani inavyofurika wakati wa masika hahitaji kuelezwa zaidi.

Ukilishika hilo la bonde, utaelewa kwa nini kuujenga upya mtaa huu kumechukua miaka mingi. Wageni hupiga picha njia panda na minara ya vioo. Minara ndiyo kazi rahisi. Kazi ngumu ni kwamba njia tisa za treni za kampuni nne zinaingia pale, moja juu ya nyingine, kila moja kwa kimo chake, na hakuna hata moja inayoweza kufungwa kwa mwaka mmoja ili mafundi wapate nafasi. Kwa hiyo swali la kwanza halikuwa tujenge nini, bali ni kitu gani kikiondolewa kitaachia nafasi ya kingine.

Jibu likawa reli ya Toyoko ya kampuni ya Tokyu. Stesheni yake ilikuwa ghorofa ya pili, upande wa mashariki, imekalia ukanda mrefu wa ardhi yenye thamani kubwa. Juni 2008 reli ya chini ya ardhi ya Fukutoshin ilifunguliwa, na stesheni yake ikawekwa ghorofa ya tano kwenda chini, ikiwa na nafasi ya kuipokea Toyoko. Ikabaki kuzishusha treni za juu zifike huko. Hatua hiyo ilifanyika usiku mmoja, kuamkia tarehe 16 Machi 2013, kati ya treni ya mwisho na ile ya kwanza ya alfajiri.

Usiku mmoja hauna miujiza, maandalizi yake ni ya miaka. Kuelekea kituo cha jirani cha Daikanyama, reli ziliwekwa mapema juu ya boriti za chuma za muda, na handaki likachimbwa chini yake huku treni zikipita juu kama kawaida. Usiku wenyewe wafanyakazi wapatao 1,200 waligawanywa kazi: hapa boriti zinainuliwa na kuondolewa, pale zinateremshwa na reli zake hadi zikutane na zile za handakini. Kisha nyaya za umeme, taa za ishara, na treni ya majaribio. Ratiba ya namna hiyo haina dakika ya akiba, ndiyo maana kila kikosi hupewa saa ya kurudi nyuma: kikichelewa kupita saa hiyo, kazi inasimamishwa na reli ya zamani inarudishwa. Anayepanga kazi ya usiku mmoja bila saa hiyo anacheza kamari.

Toyoko ilipoondoka, vitu vinne vilifunguka kwa mpigo. Kwanza, jengo la mashariki la duka la Tokyu, lililofunguliwa 1934, likaweza kubomolewa. Jengo hilo halikuwahi kuwa na ghorofa ya chini, kwa sababu Mto Shibuya ulipita chini yake ndani ya mfereji uliofunikwa. Pili, baada ya kubomoa, mfereji ukahamishiwa mashariki, jambo lisilowezekana jengo likiwa bado limeukalia. Tatu, juu ya kiwanja kilichopatikana ukasimama mnara wa kwanza wa Scramble Square, jumba jipya la maduka na ofisi, ghorofa 47 na mita zipatazo 230, uliofunguliwa Novemba 2019. Nne, ukanda wa reli wa kusini ukapewa jengo la Shibuya Stream, Septemba 2018.

Hapo ndipo mipango mingi ya miji mingine huteleza. Mchoro wa minara hutangulia, halafu inagundulika kwamba nguzo ya mnara inaangukia penye bomba la maji taka, au kwamba bomba haliwezi kuhama mpaka reli ihame, na reli haijapangiwa hata shilingi. Shibuya walikwenda kinyumenyume: wakauliza nini kiko chini kabisa, wakaanzia hapo.

Maji nayo yalidai hesabu yake. Chini ya uwanja wa mashariki, mita 25 kwenda chini, limejengwa tangi la kuhifadhi maji ya mvua lenye uwezo wa mita za ujazo 4,000. Lilianza kutumika mwisho wa Agosti 2020. Mabomba ya kawaida yamepimwa kwa mvua ya milimita 50 kwa saa. Mvua ikizidi hapo, maji yanamwagikia tangini, na eneo linaweza kustahimili hadi milimita 75. Mvua ikikatika, pampu huyarudisha kwenye mabomba. Hakuna mpangaji wa ofisi anayeliona tangi hilo, na kuna ghorofa tano za abiria chini ya ardhi zinazolitegemea.

Fedha zinatoka wapi? Sheria ya mwaka 2002 ya kufufua miji iliruhusu maeneo maalumu kupewa masharti nafuu ya ujenzi, na Shibuya ilitangazwa kuwa mojawapo Desemba 2005. Japani hupima ukubwa wa jengo kwa asilimia ya kiwanja. Kiwanja cha Scramble Square kiliruhusiwa asilimia 1,560, yaani kwa kila mita za mraba 1,000 za ardhi unajenga sakafu zenye jumla ya 15,600. Ruhusa hiyo si zawadi. Mjenzi anailipia kwa vitu vya umma: njia za miguu, viwanja, lifti, na mashimo makubwa ya wima ya kuwapandisha watu kutoka chini ya ardhi hadi madaraja ya juu. Mashimo hayo ndiyo dawa ya bonde. Ngazi za umeme na lifti zimekusanywa sehemu moja inayoonekana kutoka barabarani, ili abiria aliye ghorofa ya tano chini ajue mwanga uko wapi.

Ardhi yenyewe ilipangwa upya kwa utaratibu wa kuunganisha viwanja: kila mwenye eneo anatoa sehemu kidogo, mipaka inachorwa upya, anarudishiwa kiwanja kidogo zaidi lakini chenye umbo bora na thamani kubwa. Utaratibu huo unahitaji subira na wapimaji waaminifu. Una heri kuliko kufukuzana.

Baada ya hapo zikafuata zamu za njia nyingine. Jukwaa la Ginza lilisogezwa mita 130 mashariki. Sehemu ya njia ilifungwa siku sita, tangu 28 Desemba 2019 hadi 2 Januari 2020, kipindi cha mwaka mpya ambapo Wajapani wengi wako nyumbani. Jukwaa la Saikyo, njia ya kampuni ya reli ya JR, ambalo lilikuwa mbali kiasi kwamba watu walilisema kama kituo kingine, lilisogezwa mita 350 kaskazini na kuanza kazi 1 Juni 2020, sambamba na lile la Yamanote, njia nyingine ya JR. Kisha Yamanote yenyewe, ile ya duara, iliyokuwa na majukwaa mawili membamba. Oktoba 2021 wakasimamisha mwelekeo mmoja kati ya vituo vya Ikebukuro na Osaki kwa wikiendi nzima. Januari 2023 wakasimamisha mwelekeo wa pili. Yakapatikana majukwaa yaliyounganishwa kuwa moja pana. Novemba 2023 walirudi tena kuinua reli.

Kwa nini wikiendi nzima na si usiku? Kwa sababu ya kokoto. Reli ikisogezwa pembeni, kokoto mpya lazima zishindiliwe tena na tena. Zisiposhindiliwa reli itazama polepole na treni zitalazimika kupita kwa mwendo wa konokono kwa wiki kadhaa. Kufunga mwelekeo mmoja tu wa duara ni busara: abiria anaweza kuzunguka upande wa pili, atachelewa lakini atafika.

Kuna walichokosea, au tuseme walichokubali kukipoteza. Kutoka Toyoko kwenda treni za JR zamani ilikuwa mwendo mfupi. Sasa unapanda kutoka ghorofa ya tano chini. Duka la Tokyu lilifungwa kabisa 31 Machi 2020, na baadaye zikaondoka pia njia za ndani zilizounganisha Ginza na reli ya Inokashira upande wa magharibi, na watu wakaingizwa kwenye vichochoro vya muda vyenye mabati na mishale ya karatasi. Njia ya muda ya miaka kumi si ya muda tena, inastahili paa zuri na sakafu isiyoteleza kama njia nyingine yoyote.

Na bado haijaisha. Sehemu ya kati na ya magharibi ya Scramble Square, zilizopangwa kukamilika 2027, zimesogezwa hadi mwaka wa fedha wa 2031. Hizo ndizo zitakazobeba daraja la juu la watembeao kwa miguu, kutoka mteremko wa Miyamasuzaka mashariki hadi Dogenzaka magharibi, ili mtu avuke bonde bila kuteremka ndani yake.